Chiefs "hawana risiva": jinsi ya kuwapima wapokea mpira wa NFL kabla msimu haujaanza

Kila ikifika Agosti maneno ni yaleyale, Kansas City Chiefs hawana risiva. Walisema 2022 baada ya risiva wao nyota Tyreek Hill kuondoka, wakasema 2023, wakasema tena 2024, na miaka yote hiyo mitatu timu ikaishia kucheza Super Bowl, yaani fainali ya ligi. Sasa mtu ambaye ndo kwanza anaanza kufuatilia NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, anabaki ameduwaa, hawa wachambuzi hawajui mpira au hii timu inabahatisha tu? Nimeona swali hili likiulizwa mara nyingi sana na majibu yanayotolewa yanazidi kumchanganya muulizaji, kwasababu wanaojibu wanataja majina na yadi, yaani umbali ambao mchezaji ameusogeza mpira, halafu wanaishia hapo.

Ukweli ni kwamba kundi la risiva halipimwi kwa majina. Linapimwa kwa kazi. Kuna kazi kadhaa ambazo lazima zifanyike uwanjani kila wiki, na swali la Agosti ni je kila kazi ina mtu wa kuifanya, na huyo mtu ameshazoeana na mrusha mpira au bado. Ukishika hilo, hata ukikutana na timu ambayo humjui mchezaji wake hata mmoja unaweza ukaipima vizuri kuliko jamaa anayekariri takwimu. Nitatumia Chiefs wa 2023 kueleza, maana msimu ule ulikuwa na kila aina ya somo, waliofeli wapo, aliyechomoza kutoka chini yupo, aliyerudi katikati ya msimu akafunga goli la ubingwa naye yupo.

Tuanze na msingi, wanaoujua wavumilie kidogo. Futiboli ya Kimarekani inachezwa na watu 11 kwa 11, timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea angalau yadi 10, ikifanikiwa inapewa nafasi nne nyingine, ikishindwa mpira unaenda kwa wapinzani. Kusogea kwenyewe unaweza kukimbia na mpira au kuurusha. Anayerusha anaitwa kwotabeki, na kwa Chiefs ni Patrick Mahomes. Risiva ni wale ambao wengi wao wanasimama pembeni mwa uwanja, kazi yao kukimbia njia iliyopangwa, kumtoroka anayewakaba, kudaka, halafu kuendelea kukimbia mpaka waangushwe. Ile njia iliyopangwa inaitwa ruti. Kila ruti ina kipimo chake, mfano kimbia yadi 5 kata ndani, au kimbia yadi 12 geuka nyuma, au nyoosha moja kwa moja mpaka mwisho.

Na hapa kuna kitu ambacho wageni wengi hawakijui na ndicho kinachobeba mada nzima. Kwotabeki mara nyingi anauachia mpira KABLA risiva hajageuka. Harushi kwa mtu, anarusha mahali ambapo mtu anatakiwa kufika. Ina maana risiva akichelewa hatua moja, au akikata kwenye yadi 10 badala ya 12, mpira unaenda kwenye nyasi au kwenye mikono ya adui, na sisi tunaoangalia tunasema Mahomes karusha vibaya. Muda mwingine mlinzi akibadilisha namna anavyokaba risiva anatakiwa abadilishe ruti palepale akiwa anakimbia, na kwotabeki aone kitu kilekile kwa wakati uleule bila kuongea. Hilo halipatikani kwa kusajili. Linapatikana kwa kufanya mazoezi pamoja mamia ya mara, na ndo maana afya ya mchezaji mwezi wa saba na wa nane ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tutarudi hapa tukifika kwa Kadarius Toney, mmoja wa risiva wa Chiefs wa 2023.

Kazi zenyewe ni zipi

Wenyewe wanaziita kwa herufi, X na Z, halafu kuna sloti. Sheria inasema timu inayoshambulia lazima iwe na watu saba kwenye mstari wa kuanzia, kwahiyo risiva mmoja analazimika kusimama pale mstarini, huyo ndo X. Kwakuwa yuko mstarini, mlinzi anaweza kumsogelea uso kwa uso na kumsukuma mara tu mpira unapoanza, sheria inaruhusu kumgusa ndani ya yadi 5 za mwanzo. Mara nyingi yuko peke yake upande wake. X anatakiwa awe na nguvu za mikono, miguu ya haraka ya kujinasua, na moyo wa kudaka mpira huku mtu kamng'ang'ania mgongoni. Ni kazi ngumu kuliko zote na wanaoiweza ni wachache duniani, na ndo maana wanalipwa pesa zile.

Z anasimama hatua moja nyuma ya mstari upande wa pili, anaweza kutembea kabla mpira haujaanza, kumsukuma pale mwanzoni ni vigumu zaidi. Wenye spidi wengi wanawekwa hapo. Sloti anakaa ndani, kati ya risiva wa pembeni na lile kundi la watu wakubwa wa katikati. Huko nafasi ni ndogo, walinzi wanatoka kila upande, anahitajika mtu mwepesi wa kugeuka, anayesoma ukabaji haraka na asiyeogopa kugongwa. Halafu kuna taiti endi, huyu kwa majina sio risiva, ni mtu mkubwa anayezuia na kudaka pia, ila kwa Chiefs huwezi kuwapima risiva bila kumhesabu Travis Kelce kwasababu kwa miaka mingi yeye ndo aliyekuwa anakula ile kazi ya katikati. 2022 Kelce alimaliza na yadi 1,338. Timu yenye mtu kama huyo haihitaji sloti bora duniani, inahitaji watu wa nje wa kuwavuta walinzi wasimrundikane.

Kwahiyo kosa la kwanza kwenye tathmini nyingi ni kuorodhesha risiva watano wazuri bila kuuliza wanacheza wapi. Ni sawa na klabu ya soka kusajili mawinga watano halafu wote wanataka kucheza kulia. Kwenye karatasi umejaa, ukipanga kikosi una mmoja na pengo.

Mtu mwenyewe anapimwaje

Kitu cha kwanza kabisa ni uwezo wa kumtoroka mkabaji. Kuna ukabaji wa aina mbili kubwa, mtu kwa mtu na wa maeneo. Kwenye mtu kwa mtu risiva anatakiwa ashinde pambano lake mwenyewe, kwenye maeneo anatakiwa ajue pengo liko wapi akae hapo atulie. Kuna risiva wanatisha dhidi ya maeneo ila mtu kwa mtu wanapotea kabisa, na timu pinzani wakishaligundua hilo, wiki inayofuata unakabwa mtu kwa mtu mechi nzima. Ukiwa unasoma kuhusu risiva yeyote, tafuta jibu la swali hilo moja kabla ya kuangalia yadi zake.

Mikono ina nafasi yake lakini watu wanaipa uzito kupita kiasi kwasababu mpira ukidondoka kila mtu anaona. Risiva asiyejinasua hadondoshi kitu, harushiwi. Haonekani kwenye video za makosa, ila anaiumiza timu kuliko yule anayejinasua mara kumi akadondosha moja. Mimi nikipewa wawili hao namchukua anayedondosha, mikono inatibika kiasi fulani, kushindwa kumtoroka mtu hakutibiki kirahisi.

Halafu kuna anachofanya baada ya kudaka, kuna kuzuia walinzi pale timu inapokimbia na mpira, na kuna afya. Siyachimbi sana hayo ila afya usiipite juujuu. Msimu una mechi 17 kabla ya mtoano.

Sasa turudi Agosti 2023

Kwanza picha ya nyuma. Machi 2022 Chiefs walimpeleka Hill kwa Miami Dolphins wakapokea nafasi tano za drafti, drafti ni ule utaratibu wa klabu kuchagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu. Sababu kubwa ni pesa. NFL ina kikomo cha mishahara, 2023 kilikuwa dola milioni 224.8 kwa timu nzima, na Mahomes tayari alishasaini mkataba wa miaka 10 mwaka 2020 wenye thamani ya dola milioni 450 na kitu. Miami walimpa Hill nyongeza ya miaka minne yenye thamani ya milioni 120. Huwezi kulipa kila mtu. Watu wakatabiri Mahomes ataanguka, badala yake 2022 akarusha yadi 5,250 na tachidauni 41 (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ndo goli la mchezo huu), akawa mchezaji bora wa ligi, na Februari 2023 wakawafunga Philadelphia Eagles 38-35 kwenye Super Bowl. Hapo ndo ikazaliwa ile imani kwamba Mahomes anaweza kucheza na yeyote yule, kwahiyo risiva hawana umuhimu. Imani hiyo ilikuja kuwagharimu.

Maana baada ya ubingwa ule waliondoka wawili. JuJu Smith-Schuster aliyekuwa na yadi 933 akaenda New England, Mecole Hardman akaenda New York Jets. Hapa jifunze kitu kimoja kizuri cha kufanya kila msimu wa usajili, usianze kuuliza nani amekuja, uliza ile mipira waliyokuwa wanarushiwa walioondoka sasa itarushiwa nani. JuJu peke yake alidaka 78. Mipira ile lazima iende kwa mtu.

Waliobaki walikuwa hivi. Marquez Valdes-Scantling, mrefu karibu mita 1.93, ana spidi, kazi yake kukimbia mbali na kuwavuta walinzi wa nyuma, huyu anafanya kazi ya nje lakini sio mtu wa kurushiwa mara kumi kwa mechi. Justin Watson, mtu wa kuaminika wa akiba. Skyy Moore, waliyemchukua mzunguko wa pili 2022, matarajio makubwa ila mwaka wa kwanza hakuonyesha mengi zaidi ya tachidauni moja kwenye Super Bowl. Toney, kijana mwenye kipaji cha kutisha akiwa na mpira mkononi, kwenye Super Bowl ileile alirudisha mpira wa kupigwa kwa mguu yadi 65 ambayo ni rekodi ya mchezo huo, watu wengi walimuona ndo namba moja mpya. Richie James kutoka New York Giants. Justyn Ross ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti lakini kambini alizungumzwa sana. Na rookie mmoja, yaani mchezaji wa mwaka wa kwanza, kutoka chuo cha SMU aitwaye Rashee Rice, aliyechaguliwa wa 55 kwenye drafti.

Wapime sasa kwa kazi. Nani anasimama X na kumshinda mlinzi mzuri mtu kwa mtu? Hakuna aliyekuwa ameshathibitisha. Nani wa mbali? Valdes-Scantling. Nani wa katikati? Kelce, halafu Moore na Toney kwa matumaini. Nani ameshawahi kufikisha yadi 1,000 kwa msimu kati ya risiva hao wote? Hayupo hata mmoja. Hiyo ndo tathmini ya kweli ya Agosti ile, kazi ya msingi kabisa ilikuwa wazi na timu ilikuwa inatumaini kwamba mmoja wa vijana atakua haraka. Kutumaini sio kosa, wenye pesa kidogo hawana njia nyingine, ila mchambuzi alitakiwa aite matumaini kwa jina lake.

Na kuhusu Toney kulikuwa na dalili iliyo wazi. Aliumia goti mwanzoni kabisa mwa kambi Julai, akafanyiwa upasuaji, akakosa maandalizi yote. Kumbuka nilichosema kuhusu kurusha mahali na sio kwa mtu. Risiva ambaye hajakimbia ruti na kwotabeki wake kwa kambi nzima, hata awe na kipaji kiasi gani, unamuweka kwenye mechi ya kwanza kama mtu muhimu kwa hatari yako mwenyewe.

Mechi ya kwanza ilikuwa Septemba 7 dhidi ya Detroit Lions, kwetu Afrika Mashariki ilianza saa tisa na dakika ishirini usiku wa kuamkia Ijumaa. Kelce akawa majeruhi, hakucheza. Yaani yule aliyekuwa anaficha pengo hayupo, ikabidi risiva waonekane walivyo. Toney alirushiwa mara tano akadaka mmoja kwa yadi 1. Mpira mmoja ulimgonga mikononi ukaruka juu, Brian Branch wa Lions akaudaka akakimbia nao yadi 50 mpaka tachidauni. Moore hakudaka hata mmoja. Chiefs wakafungwa 21-20. Kwa tofauti ya pointi moja, tachidauni ile ndo mechi yenyewe.

Uongo unaopendwa kila Agosti

Wa kwanza, spidi. Kila mwaka vijana wanapimwa Indianapolis mbio za yadi 40, na rekodi ni ya Xavier Worthy, sekunde 4.21 mwaka 2024, Chiefs ndo waliomchukua. Spidi inasaidia, inamfanya mlinzi arudi nyuma kwa woga na kuacha nafasi kwa wengine. Ila Rice alipimwa 4.51, muda wa kawaida kabisa kwa risiva, na ndiye aliyekuja kuokoa kundi zima la 2023. Alimaliza na mipira 79, yadi 938, tachidauni 7. Alifanyaje? Alipewa ruti fupi za kukata katikati, akawa anajua kukaa kwenye mapengo, akidaka anageuka na kukimbia kwa nguvu, mtu mmoja hamuangushi kirahisi. Kocha Andy Reid hakumuwekea mzigo wote mwanzoni, alianza akicheza kidogo kidogo, kadiri wiki zinavyoenda akaongezewa.

Wa pili, yadi za mwaka jana. Yadi sio mali ya mchezaji peke yake, ni mali yake, ya kwotabeki, ya kocha na ya nafasi aliyopewa. JuJu aliyefanya 933 na Mahomes alipofika New England 2023, akiwa pia anasumbuliwa na majeraha, alifanya 260. Hill naye alipoenda Miami akafanya 1,710 mwaka wa kwanza na 1,799 mwaka wa pili. Wote wametoka timu moja, kwotabeki mmoja. Mmoja yadi zake zilibaki Kansas City, mwingine alizibeba. Tofauti ni kwamba Hill anamshinda mlinzi popote pale utakapomuweka, JuJu alikuwa mzuri ndani ya mfumo uliomtengenezea nafasi. Kwahiyo ukiona timu yako imesajili mtu mwenye yadi 1,000 usishangilie kwanza, angalia alirushiwa mara ngapi kuzipata, maana mtu aliyerushiwa mipira 150 na mtu aliyerushiwa 90 wakiwa na yadi sawa sio wachezaji sawa hata kidogo.

Wa tatu, mechi za maandalizi. Zipo tatu tu siku hizi. Mahomes anacheza mizunguko michache anatoka, muda unaobaki wanacheza watu wanaotafuta ajira, maana kambini wapo 90 na wanaobaki ni 53. Risiva anayedaka tachidauni robo ya nne mara nyingi anakabwa na mtu ambaye wiki ijayo hana timu. Ross alipendwa na mashabiki wengi kambini, akapata nafasi kwenye kikosi kati ya risiva saba walioachwa, lakini msimu ulipoanza alipata mipira michache tu. Sio kwamba hana kipaji, ni kwamba kile tulichokiona hakikuwa kipimo cha kazi halisi.

Msimu ule uliendelea hivi. Novemba dhidi ya Eagles, Valdes-Scantling alikuwa peke yake nyuma ya walinzi dakika za mwisho, mpira ukamfikia mikononi ukadondoka, wakafungwa 21-17. Desemba 10 dhidi ya Buffalo Bills, Kelce alidaka akamrushia Toney pembeni, Toney akaingia mpaka mwisho, uwanja mzima ukalipuka, kumbe Toney alikuwa amesimama mbele ya mstari wa kuanzia kabla mpira haujachezwa. Tachidauni ikafutwa, 20-17 kwa Bills. Rudi juu kule nilipoeleza X na Z na nani anasimama wapi, watu wanaona ni maelezo ya darasani, lakini mechi imeondoka kwa mguu uliovuka mstari. Krismasi wakafungwa nyumbani na Las Vegas Raiders 20-14. Mahomes alimaliza na yadi 4,183 na tachidauni 27, kutoka 5,250 na 41. Kwotabeki yuleyule, kocha yuleyule. Chiefs walikuwa miongoni mwa timu zilizodondosha mipira mingi zaidi kwenye ligi.

Halafu wakachukua ubingwa.

Na hapa ndo kuchanganyikiwa kwa watu kunapoanzia, kwasababu hitimisho la haraka ni kwamba wakosoaji walikosea. Hapana. Kuhusu risiva walikuwa sahihi kabisa. Timu ilibebwa na ulinzi wa kocha wa walinzi Steve Spagnuolo, walikuwa wa pili kwenye ligi nzima kwa kuruhusu pointi chache, wastani wa pointi 17 na kitu kwa mechi. Kupima risiva na kutabiri bingwa ni vitu viwili tofauti, ukivichanganya utamaliza kila msimu ukiwa hujui ulikuwa sahihi wapi.

Ila nataka niwe mkweli kwa hao wachezaji pia, maana walitukanwa sana mitandaoni. Januari 13, 2024 Miami wakaja Kansas City kwenye mtoano, baridi ya nyuzi kama -20, Hill amerudi kwenye uwanja wake wa zamani, na mpokeaji bora siku ile alikuwa Rice, mipira 8, yadi 130 na tachidauni, Chiefs 26-7. Fainali ya AFC, moja ya pande mbili za ligi, kule Baltimore, timu inaongoza 17-10 na inahitaji kuumalizia muda, Mahomes akarusha mbali yadi 32 na aliyedaka ni Valdes-Scantling, yuleyule wa Novemba. Na Super Bowl dhidi ya San Francisco ikaenda muda wa ziada, 25-22, tachidauni ya mwisho akadaka Hardman, ambaye Jets walimrudisha Kansas City Oktoba baada ya kukosa kazi ya kumpa. Hardman alikuwa ameshaishi kwenye mfumo wa Reid miaka minne. Kuzoeana kulekule.

Toney hakucheza mtoano ule. Agosti iliyofuata wakamuachia.

2024 inaongeza kitu kimoja ambacho 2023 haikukionyesha vizuri, nacho ni kina cha kikosi. Safari hii uongozi ulijaza pengo kwa makusudi, wakamchukua Worthy kwenye drafti, wakamsajili Marquise Brown, Rice yupo. Kwa kazi kila sehemu ina mtu, Brown na Worthy wa mbali, Rice na Kelce katikati, nami niliona ni kundi zuri kuliko yote tangu Hill aondoke. Brown akaumia bega karibu na shingo kwenye mchezo wake wa kwanza kabisa wa mechi ya kwanza ya maandalizi, akakosa karibu msimu wote. Wiki ya nne Rice akaumia goti baada ya kugongana na Mahomes mwenyewe wakati wa kumkimbilia mlinzi aliyenasa mpira, msimu wake ukaisha. Yaani mwanzoni mwa Oktoba wawili kati ya watatu wa kwanza hawapo. JuJu walikuwa wameshamrudisha Agosti, wakamleta na risiva DeAndre Hopkins kutoka Tennessee, wakamaliza 15-2 wakafika Super Bowl ya tatu mfululizo, wakachapwa na Eagles 40-22. Worthy, rookie, akamaliza na yadi 638, mzigo aliobebeshwa haukuwa wa mwaka wa kwanza.

Kwahiyo kwenye tathmini yako kila jina la juu lipe mrithi. Chukua X wako, mfute, nani anasimama pale? Kama jibu ni mtu wa sloti anayesogezwa, una matatizo mawili sio moja, maana na sloti sasa ipo wazi. Timu nyingi zinaonekana nzuri mpaka ufanye zoezi hili.

Na kama una muda wa kuangalia zile mechi tatu za Agosti, usiangalie nani kafunga. Angalia nani yuko uwanjani Mahomes akiwepo, hao ndo kocha anaowaamini. Angalia timu inapopanga risiva wawili tu, nani wanabaki na nani anatoka. Angalia nafasi ya tatu wakihitaji yadi 6 au 7, kwotabeki anamtazama nani kwanza, kwasababu pale hakuna majaribio, anamtafuta mtu wake. Angalia kama kijana mpya anaelekezwa na wenzake wapi pa kusimama kabla mpira haujaanza, ukiona anaonyeshwa kwa vidole kila mara jua bado. Na yule risiva wa tano au wa sita, ukishindwa kuelewa kwanini kabakizwa badala ya kipenzi chako aliyedaka tachidauni mbili, muangalie mipira inapopigwa kwa mguu. Mara nyingi ndiye wa kwanza kufika kumuangusha anayeurudisha, na siku ya kupunguza kikosi kutoka 90 hadi 53 makocha wanahesabu kazi hiyo sawa na nyingine zote.